Uzi: Nani atamwosha maiti katika riwaya ya watu wasiohitajiana?

Mwalimu wa Walukuba (mwanzisha uzi)

Salaam, wanajukwaa. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma hadithi za distopia, yaani zile zinazochukua wazo moja la zama zake na kulifuata hadi linapogeuka janga. Nyingi tunazozifahamu zinahusu dola: kuna mtawala, kuna polisi, kuna ukuta, na kuna kijana anayejaribu kuuruka. Lakini zipo chache ambazo ndani yake hakuna mtawala wa kutisha wala amri inayomkataza mtu kumtembelea jirani yake. Watu wenyewe wameacha kutembeleana. Hizo ndizo ninazotaka tuzijadili, kwa sababu naona zinatuhusu sisi wa Jinja, Kampala na Mbarara kuliko tunavyopenda kukiri.

Ya kale kabisa ninayoijua ni “The Machine Stops” ya Mwingereza E. M. Forster, iliyochapishwa mwaka 1909. Watu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja katika chumba chake chenye umbo la kijumba cha sega la nyuki. Kuna kitufe cha chakula, kitufe cha muziki, kitufe cha maji ya kuoga, na kuna kisahani kinachoonyesha sura za watu walio mbali. Mama mmoja aitwaye Vashti anafahamiana na maelfu ya watu na hutoa mihadhara bila kuinuka kitini. Mwanawe, Kuno, anayeishi upande wa pili wa dunia, anamwomba jambo moja tu, nalo ni kwamba aende wakaonane uso kwa uso. Mama haelewi: si wanaonana hapo hapo?

Wasomaji wengi husifu jinsi mwandishi alivyoitabiri mitambo ya leo. Mimi nilinaswa na tukio dogo la safarini. Ndani ya chombo cha angani, Vashti anapepesuka akiukwepa mwanga wa jua, mhudumu ananyoosha mkono kumzuia asianguke, naye anamkemea vikali kwa kuthubutu kumgusa. Mhudumu anafadhaika na kuomba radhi kwa kosa la kutomwacha aanguke. Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kupunga upepo, kwa maana sentensi ile moja ilikuwa imemaliza kazi ambayo waandishi wengine huifanya kwa kurasa 300.

Nyingine ni riwaya ya Isaac Asimov ya mwaka 1957, “The Naked Sun”, ambamo sayari nzima ya Solaria ina watu 20,000 tu, kila mmoja katika shamba lake kubwa akihudumiwa na maroboti. Huko watu hutofautisha kati ya kumtazama mtu kwa picha, jambo lililo la kawaida na la heshima, na kuwa naye chumba kimoja, jambo linalowatia kichefuchefu. Kisha mtu mmoja anauawa, na mke wake anashukiwa kabla ya mwingine yeyote kwa sababu ni nani mwingine ambaye angeweza kuvumilia kumkaribia?

Sasa hoja yangu. Katika visa vyote viwili mlango haukufungwa na mtu yeyote kutoka nje. Ulifungwa kutoka ndani, kidogo kidogo, na kila hatua ilikuwa na sababu nzuri: kupunguza usumbufu, kuokoa muda, kuepusha ugomvi. Kwa hiyo nadhani riwaya ya Kiswahili ya namna hii, ikiandikwa hapa Uganda, haitahitaji mashimo wala maroboti. Euphrase Kezilahabi alikwisha kumwandika mtu mmoja aliyekatika na wenzake, katika “Kichwamaji” ya mwaka 1974; kinachosalia ni kuiandika jamii iliyokatika yote, na mimi ningeanzia msibani.

Wengi wenu mnafahamu mabugo. Neno lenyewe ni la magome: lubugo ni kitambaa kinachopondwa kutoka gome la mti wa mutuba, na zamani huko Buganda waliohani msiba walileta magome hayo ili marehemu azungushiwe. Baadaye mabugo yakawa fedha ndani ya kikapu. Siku hizi namba ya simu hutangulia kwenye kundi la WhatsApp kabla hata saa ya mazishi haijajulikana. Sina ugomvi na hilo, kwa sababu fedha hufika na jeneza hununuliwa. Ila najiuliza ungekuwaje mji ambao kila mtu anatuma mabugo kwa wakati, hakuna anayedaiwa hata shilingi moja, na hakuna anayekuja.

Binti Nyamwamba

Shikamoo, Mwalimu. Uzi wako ni mzuri, lakini naomba niupinge kabla haujapata waumini wengi.

Kiluganda kina maneno matatu ninayoyakumbuka kila ninaposoma hadithi za namna hii. Nnakyewa ni mtu anayejitolea nafsi yake kwa ajili ya wengine, na kwa sababu hiyo mashirika ya hiari yamepewa jina lake. Nnakyemalira ni yule anayejiamulia kila kitu peke yake, yaani dikteta. La tatu ni nnakyeyombekedde, mwanamke aliyejijengea, anayeishi bila mume wala mlezi. Maneno yote matatu yanaanza kwa namna moja, lakini hili la mwisho ndilo husemwa kwa kunong’ona na kukunja mdomo. Mimi ndiye huyo. Nina chumba na sebule mjini Kasese, nina ufunguo mmoja, na nakiri kwamba nilipokisoma chumba cha Vashti, kurasa za mwanzo nilimwonea wivu.

Shangazi yangu alipofiwa na mumewe, ndugu wa marehemu walifika wote. Hakuna aliyekosa. Walilia, walikesha, walichimba kaburi kwa mikono yao, na siku ya tatu walianza kuhesabu viti, magodoro na mabati. Hao ndio watu ambao riwaya yako itawalilia kwamba wamepotea. Mtu aliyekimbia jamii kwa sababu jamii ilimla hastahili kuwekwa kwenye hadithi kama mfano wa ugonjwa. Naomba pia tuwe waangalifu na neno “ubinafsi”, kwa sababu katika Kiswahili linabeba uchoyo na linabeba pia haki ya mtu kujimiliki, na anayelitumia bila kulitenganisha anakuwa ameshinda mjadala kabla haujaanza.

Kodi ya Namuwongo

Mimi naona mnaipa falsafa kazi ya kodi ya nyumba. Nimehama vyumba vitano ndani ya miaka minne, kila mara nikifuata kazi au nikiikimbia bei. Majirani wangu nao wanahama. Utamjua vipi mtu ambaye atakuwa ameondoka kabla hujajifunza jina la mtoto wake? Kisha ukipanda vilima wanakoishi wenye nacho unakuta ukuta wa futi 10, seng’enge juu yake na askari getini anayekuuliza kama una miadi. Hawa wa juu wamechagua kujifungia. Sisi wa chini hatukuchagua kutofahamiana. Riwaya isiyotofautisha hao wawili sitainunua.

Mpanda Vilima wa Kigezi

Nimezaliwa Kabale, na kwetu kuna engozi. Kwa wasioijua, engozi ni machela ya kusukwa ambayo wanaume huibeba mabegani kumteremsha mgonjwa kutoka vilimani ambako gari halifiki, na jina hilo hilo ndilo la vyama vya wanakijiji wanaobebana. Mgonjwa wa kaya yoyote ni mzigo wa kaya zote. Asiyefika kubeba hutozwa faini.

Nataka kuzungumzia hiyo faini, kwa kuwa ndani yake naiona riwaya nzima ya Mwalimu. Katika kijiji chetu alikuwako mtu aliyefanikiwa Kampala. Kila alipotakiwa kubeba, hakuja, na kila mara alilipa faini yake kamili, hata siku nyingine alilipa ya mwaka mzima mbele. Hakuna sheria aliyoivunja. Mweka hazina alimpenda kuliko wanachama wote, kwa sababu fedha zake ndizo zilizonunua machela mpya na turubai la mvua.

Mama yake aliugua usiku wa mvua. Kengele ilipigwa. Wanaume walikuja, wakasimama uani, na mmoja wao akatoa mfukoni kiasi cha faini yake akakiweka juu ya kinu. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Nilikuwa na miaka kama 12 na nakumbuka sauti ya sarafu zikigonga mti. Baba yangu na wazee wengine wawili waliona aibu, wakainyanyua engozi wakiwa watatu ilhali inahitaji wanne, na mimi niliwekwa kwenye kona ya nne ingawa bega langu halikufikia urefu wao. Mama yule alifika chini akiwa hai. Mwanawe alikuja baada ya siku mbili na kuuliza anadaiwa kiasi gani.

Sijui kama mnaielewa hasira iliyokuwa katika kijiji siku ile. Aliuliza kwa adabu kabisa.

Dada Binti Nyamwamba, sikupingi. Wale waliotoa sarafu nao walikuwa jamii, na walikuwa tayari mwanamke mzee afe ili wamfundishe mwanawe somo.

Msomaji wa Arua

Nashukuru kwa simulizi hiyo. Imenirudisha kwenye kitu kilichoandikwa na mtu wetu wa kaskazini, Okot p’Bitek. Wengi wanamjua kwa ushairi, lakini katika kitabu cha insha zake kilichotoka mwaka 1986, miaka minne baada ya kifo chake, anabishana na mwanafalsafa Rousseau. Rousseau aliandika mwaka 1762 kwamba binadamu huzaliwa huru ilhali kila mahali yumo minyororoni. Okot anakataa sehemu ya kwanza. Kwake binadamu hazaliwi huru wala hawezi kuwa huru, kwa kuwa ni mtoto wa fulani, mjomba wa fulani, mke au mume wa fulani, na minyororo hiyo ndiyo inayomfanya awe mtu.

Angalieni kwamba hakusema ni shanga wala utepe. Alisema minyororo. Mwanatheolojia John Mbiti, aliyefundisha Makerere kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, aliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba nipo kwa sababu tupo, na sentensi hiyo imekuwa ikinukuliwa kila mahali hadi imekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Namheshimu Mbiti, ila kwa mwandishi wa riwaya Okot ana faida zaidi, kwa maana anakubali kwamba kifungo kinauma. Shangazi yake Binti Nyamwamba anaingia katika mawazo ya Okot bila kulazimishwa, na yule tajiri wa Kabale anaingia pia: alidhani mnyororo ni deni, na deni hulipika likaisha.

Fundi wa Ntinda

Mimi hutengeneza simu, kwa hiyo nitasema juu ya mtambo wenyewe. Katika hadithi ya Forster mtambo unasimama na watu wanakufa gizani, ila mama na mwana wanakutana mwishoni na kugusana. Ni mwisho mzuri wa kusoma, lakini sisi tumeliona jambo hilo likitokea na halikuwa hivyo.

Mtandao ulipozimwa nchini jioni ya 13 Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, ulikaa hivyo kwa takriban siku 5. Siku ya kwanza ilikuwa ya ajabu katika jengo letu la vyumba 18. Watu walisimama kwenye ngazi. Nilimfahamu jirani wa mlango wa pili, mtu niliyekuwa nikimsikia akikohoa kwa miaka miwili, nikajua kwamba ni mwuguzi na kwamba kikohozi ni cha mtoto wake. Tulikoka mkaa pamoja, tukasikiliza redio moja. Siku ya tatu mazungumzo yalianza kukauka, na watu waliteremka chini kila saa kuuliza kama kuna mtu amepata intaneti. Iliporudi, ngazi zikawa tupu jioni ile ile. Hatukuagana, hatukugombana. Mwezi Machi yule mwuguzi alihama na niliona tu godoro likiteremshwa.

Kwa hiyo Mwalimu akiandika, asiupe mtambo nafasi ya kufa. Uzime, uwashwe tena, na watu waurudie kwa furaha. Mimi mwenyewe nilifurahi, nilikuwa na wateja 40 wa kuwajibu.

Kodi ya Namuwongo

Hapo kwenye godoro nimekuelewa, Fundi.

Mwalimu wa Walukuba

Nimewasoma wote na nimepoa kidogo. Binti yangu wa Nyamwamba amenikamata mahali pabaya: nilikuwa na rasimu ambayo ndani yake zamani ni bustani na leo ni jangwa, na sasa naona kwamba hiyo si distopia, ni malalamiko ya mzee. Nilisahau hata yale ya mwaka 2020, wakati wa korona, tulipolazimika kuzika tukiwa wachache tu wa karibu. Wengi tuliomboleza kwa kukosa kusindikiza wapendwa wetu, lakini nakumbuka pia ndugu yangu mmoja aliyeninong’oneza kwamba hajawahi kuzika kwa amani kiasi kile, bila deni la wali na bila hotuba za wanasiasa. Ilikuwa ahueni ya kweli. Ahueni ya namna hiyo ndiyo inayopaswa kuusukuma mji wangu, na msomaji aionje kabla hajaanza kuiogopa, kama Binti alivyokionea wivu chumba cha Vashti.

Basi nimeandika upya sura ya kwanza. Mhusika wangu ni kijana wa Kampala ya miaka ijayo, anaishi na mama yake ghorofa ya saba. Alimleta kutoka kijijini baada ya watu wa ukoo kugombania kiwanja, na hapa mjini mama amepata usingizi kwa mara ya kwanza. Kila huduma inaagizwa kwa simu na kila huduma inafika. Mama anafariki alfajiri ya Jumatano. Kijana anatangaza, na kufikia saa 3 asubuhi mabugo yamekwisha kuingia kutoka kwa watu 212, kila moja na ujumbe wake wa pole ulioandikwa na simu yenyewe. Sanda imeletwa mlangoni, karafuu maiti imeletwa, kaburi limelipiwa. Ila huduma ya kuosha haimo katika orodha, kwa kuwa wenye programu waliona ni kazi isiyo na wateja wa kutosha. Kijana anachemsha maji na kuyatia karafuu maiti tangu mwanzo. Anakunja mikono ya shati. Anajaribu kumgeuza mama ubavu wa kushoto na anagundua kwamba maiti hageuzwi na mtu mmoja. Kurasa 11 zinazofuata ni yeye na mama yake chumbani, hadi anapomaliza peke yake, vibaya, akilia. Nimeridhika nazo sana kurasa hizo.

Ukhti wa Kibuli

Assalaam alaykum, Mwalimu. Nimekuwa nikifuatilia kimya kimya. Mimi ni mmoja wa akina mama wanaoitwa kuosha katika mtaa wetu, na kazi hii nimeifanya tangu nikiwa na miaka 30, kwa hiyo unisamehe nikiingilia sanaa yako.

Kwanza, mama wa Kiislamu huoshwa na wanawake, au na mumewe. Mwanawe wa kiume hamwoshi, labda iwe dharura ambayo hakuna kabisa mwanamke wa kupatikana, na ghorofa saba za Kampala haziwezi kukosa mwanamke. Pili, sisi huwa wanne au watano: mmoja humimina maji, mmoja huosha, wawili hugeuza, na mmoja hushika shuka ili stara ya marehemu isipotee hata kwa sisi tuliomo ndani. Tatu, karafuu maiti huwekwa katika maji ya mwisho, wewe umeiweka ya kwanza. Nne, mama sanda yake ni vipande vitano. Anayeagiza kwa simu bila kujua ataletewa vitatu.

Kijana wako hawezi kumaliza hizo kurasa 11 akiwa chumbani. Lazima atoke akagonge milango.

Mwalimu wa Walukuba

Waalaykum salaam, bibi. Nimezifuta zote 11. Nimemtoa kijana, yuko ukumbini wa ghorofa ya saba saa 4 asubuhi akiwa amelowa mikono, na kuna milango sita mbele yake. Hajui ni upi una mwanamke nyuma yake. Hajui jina hata moja. Naomba unisaidie kwa jambo moja, kwa kuwa wewe umeitwa mara nyingi na mimi sijawahi kwenda kumwita mtu kwa shughuli hiyo: anayekuja kukuita usiku, akishapiga hodi, huwa anaanza kwa kusema nini?

Ukhti wa Kibuli

Wengi hawasemi kitu. Nikifungua mlango nikamwona alivyosimama, naingia ndani kuchukua mtandio.